Muigai Bado Yuko Hewani

Benchi yangu ya kahawa iko Langas, hapa Eldoret, mbele ya duka la mbao. Wateja wa kila siku ni Jacktone, fundi wa redio tunayemwita Profesa kwa vile hajawahi kukubali kushindwa, na Tyson wa bodaboda. Mimi ni Selpha, mwenye birika. Siku hiyo saa tano na nusu, Mzee Wanjohi alikaa katikati yao, kikombe mkononi, hanywi. Mkewe Waithira alikuwa wodini siku ya tisa, na daktari alishasema watoto waitwe. Muigai, kijana wao ambaye hajakanyaga nyumbani miaka kumi na moja, alikuwa njiani kutoka Toronto.

— Profesa, Toronto na Nairobi ni mbali aje?

— Kilomita kama elfu kumi na mbili, Mzee. Ndege inakata mia tisa kwa saa. Piga masaa kumi na nne.

— Wacha uongo, Tyson akadakia. Hakuna ya direct. Amepitia Doha, na hapo lazima ungoje.

— Basi ishirini na mbili.

— Na vile dunia inazunguka, si ndege ingesimama tu hapo juu ingoje Kenya ijilete? Tyson akauliza.

— Hewa nayo inazunguka, mjinga wewe. Lakini rubani akiambiwa kuna mama mgonjwa, anakanyaga mafuta. Saa nzima inapungua.

— Mbili! Upepo ukiwa nyuma, hata tatu.

Nilijua wanamdanganya. Nikawaongezea kahawa.

Mzee akatoa simu, akatuonyesha meseji ya saa moja asubuhi: “Napanda ya mwisho hapa Doha. Ambia mum anisubiri.”

— Hiyo ni masaa tano na nusu, Profesa akasema, sasa kwa upole. Saa sita na nusu yuko Nairobi. Akipata kiti kwa ndege ya Eldoret, saa tisa yuko hapa.

— Daktari alisema mama yake anaweza kufikisha jioni, Mzee akasema.

Saa sita na robo tukamwona Joy, kitindamimba wake, akitoka stage ya matatu kwa miguu, sweta imegeuzwa nje ndani. Hakuwa analia.

— Baba.

Mzee akaweka kikombe chini.

— Saa ngapi?

— Saa tano na dakika hamsini. Nilikuwa nimemshika mkono.

Profesa akavua kofia. Joy akakaa pale pembeni.

— Nimempigia Muigai mara sita. Amezima.

— Yuko juu, Tyson akasema.

— Najua yuko juu. Akishuka atawasha. Nimwambie akiwa huko Nairobi peke yake, ama nimwache akimbie mpaka afike?

Alituangalia mmoja mmoja. Profesa alikuwa anaangalia kofia yake.

Saa sita na dakika arobaini simu ya Mzee ikalia. Aliitazama, akafuta uso kwa kiganja, akaiweka sikioni.

— Muigai. Umeshuka salama? Umekula?