Mwenye Kushika Kamba

Benchi la Mama Henriette, kwenye kona ya mtaa wa Manika ambako pikipiki za teksi hungoja abiria, linachukua watu watatu na maneno ya watu thelathini. Asubuhi hiyo redio ilikuwa imesema kwamba nchi jirani, iliyotuma askari wake kuisaidia Kongo kule mashariki, imechoka: raia wake wanaandamana, wanataka watoto wao warudishwe nyumbani. Mama Henriette aliisikia habari hiyo kabla ya wateja wake. Mwanawe Gradi ni askari wa Kongo, yuko kulekule, kambi moja na hao wageni. Akamimina kahawa, masikio yakabaki benchini.

Aliyefungua kikao ni Jenerali, mlinzi wa ghala ambaye maishani mwake amewahi kuamuru mbwa tu.

— Batoke! Bazee balisema, mugeni siku mbili, ya tatu mupe jembe. Bale beko na mwaka mbili, na jembe habajashika.

— Tata, beko na bunduki mu mikono, akasema dereva wa pikipiki wanayemwita Redio. Jembe batashika na meno?

— Njo maana minasema batoke. Lakini kwa akili! Batembee kinyumanyuma. Adui akiona nyayo, atafikiri beko banafika.

— Na adui naye akikimbia kinyumanyuma? Batagongana migongo! Miye naona babakie. Haraka haraka haina baraka. Hii vita yetu, weye ulishaiona na haraka?

— Baraka yake iko wapi?

— Iko njiani.

— Unasema hivyo juu hauna mutoto kule! akafoka Jenerali.

Mama Henriette alikijaza kikombe cha Jenerali mpaka kikamwagikia suruali. Hakuomba radhi.

— Batoke bote, akadakia Mechack, mchimbaji wa mgodi wa Mashamba wanayemwita Fuko. Siye bachimbaji tutamaliza kazi. Tunachimba toka hapa mpaka Kivu, tunatokea chini ya kitanda ya adui.

— Na mukipata kobalti mu njia? akauliza Redio.

Fuko akafikiri.

— Basi vita itangoja.

Wakacheka mpaka benchi likalia.

— Kutoka si aibu, Fuko akaendelea. Ku shimo, ukiona muchanga unaanza kumwagika, unatoka mbio. Ila mwenye kushika kamba kule juu, yeye haendi popote mpaka wa mwisho atoke. Akiacha kamba, hakuna ekipi ya bachimbaji itamupokea tena.

— Hata akiwa na njaa? akauliza Jenerali.

— Hata ikiwa siku ya ndoa yake!

Nyuma yao alikuwa amesimama Chancelle, mke wa Gradi, vumbi la pikipiki bado usoni. Akamsogelea mkwewe.

— Mama, Gradi amepiga telefone. Bale bageni beko banafunga mizigo. Yeye na benzake habajapewa amri ya kutoka.

Kisha akaligeukia benchi.

— Batata, nimesikia ile ya kamba. Sasa bale bakienda, Gradi nani anamushikia?

Redio akainuka, akawasha pikipiki yake, akaizima.

— Mama, ongeza kidogo, Jenerali akanong'ona, akinyoosha kikombe.

— Kahawa imeisha, akasema Mama Henriette.

Birika lilikuwa bado zito mkononi mwake. Mbele ya macho yao watatu akachukua kikombe safi, akamjazia Chancelle.