Chembe Moja ya Fosforasi

Kijiwe chetu kiko Maili Moja, Kibaha, nyuma ya kibanda cha Ambokile fundi simu. Wenyeji wake ni wachache lakini vichwa ni vizito, na changu ndicho kizito kuliko vyote, ingawa shule niliiacha darasa la saba kwa sababu walimu walikuwa wananichelewesha. Jumamosi ile Kibwana hakutulia. Anaketi, anasimama, anachungulia barabara, anaketi tena mbali na kikombe chake. Wakwe walikuwa wanakuja saa kumi kutoka Msimbu. Safari iliyopita washenga waliuliza binti yake, Shamsia, anafanya nini huko chuo kikuu, naye akajibu: anatia uchafu kwenye mchanga. Akasahau kwamba Latifu, baba mdogo wa mwoaji, Halidi, anauza mchanga, na kwa muuza mchanga hakuna mwizi mkubwa kuliko huyo. Posa ikaning'inia.

— Leo wakiuliza tena nisiharibu, alisema Kibwana. Nipeni maneno.

— Kwani mwenyewe alikwambiaje? aliuliza Ambokile, simu ya mtu iko wazi mapajani.

— Alisema vile vidude vya ndani ya simu asili yake ni mchanga, unasafishwa mpaka basi. Halafu wanaingiza chembe moja ya fosforasi, makusudi. Chembe inakuja na elektroni yake moja ya ziada. Yeye hagusi kitu, anapiga hesabu tu kwenye kompyuta.

— Kumbe! Mimi nashinda nafuta uchafu kwa spiriti, kuna watu wanautia!

— Fundi, wewe unafuta vumbi la Kibaha, nikamwambia. Ile ni dawa. Mimi nilishafungua redio iliyokufa, nikatia punje ya chumvi, ikashika Komoro.

— Juzi ulisema Bombei, alisema Justa muuza kahawa.

— Ilipitia Komoro.

— Mie naona ni kama tangawizi, Justa akaendelea. Kipande kimoja, birika zima linabadilika.

— Birika ni kubwa, Justa, alisema Kibwana. Kidude chenyewe, binti anasema, unywele mbele yake ni gogo.

— Basi nimeelewa, Ambokile akashusha sauti. Hiyo elektroni ndiyo inayotusikiliza. Ndiyo maana nikitaja viatu, simu inaniletea tangazo la viatu.

— Tena inazaliana, nikasema. Miaka kumi ijayo simu itajichaji kwa hasira za mwenye nayo.

— Jamani! Kibwana alisimama tena. Nikawaambie wakwe habari za hasira?

Kulikuwa na mama mmoja kwenye ncha ya benchi, ameshuka bodaboda kitambo, tukamdhani mteja wa fundi. Akaweka kikombe chini.

— Samahanini. Nyumba yenyewe ndogo hivyo, kaingia mgeni mmoja. Hiyo elektroni aliyokuja nayo inabaki ubavuni kwake, au inazurura nyumba nzima?

Ambokile akaigeuza ile simu, akaitazama mgongoni. Nilifungua mdomo, nikapitisha kahawa. Kibwana akampigia binti yake, akaweka sauti ya nje, akalirudia swali kama lilivyo.

— Nani kauliza hivyo, baba?

— Kuna mama hapa.

— Hilo ndilo swali langu. Nalipigia hesabu mwaka wa pili huu. Kidude kikizidi kuwa chembamba, naona kama elektroni inaing'ang'ania zaidi chembe yake. Lakini ikae wapi hasa, sijajua.

Yule mama akanyoosha mkono, akapewa simu.

— Hujambo mwanangu. Mimi Zuleha, mama yake Halidi. Nimetangulia, wenzangu wanakuja.

— Shi... shikamoo mama.

— Marahaba. Latifu na mchanga wake niachie mimi. Ila ukilipata jibu, uniambie kabla ya maprofesa wako.

Kibwana akaketi, safari hii kwa uzito wake wote.

Nikawaambia swali hilo nilikuwa nalo mdomoni tangu mwanzo. Justa akaliinamisha birika juu ya kikombe changu. Halikutoa kitu.