Kisu cha Kukatia Sukuma

Tuktuk ya Kaptembwo haikuwa imetoka stage, na msichana aliyeshika kisu kipya alikuwa ameshapata mwalimu. Mzee aliyekaa kati yetu alisema amepika hotelini Naivasha miaka ishirini. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Angalia mpini," alimwambia. "Chuma kimeingia mpaka mwisho. Hicho hakitang'oka. Umechagua vizuri, madam."

"Lakini ni kizito, mzee. Nitakatia sukuma mkononi aje?"

"Mkononi? Weka kwa ubao!"

"Mama mkwe akiniona na ubao atajua sijui kukata."

"Kwani unajua?"

Msichana aliangalia nje. Mama mkwe anakuja leo, alisema, na safari hii anataka wapike pamoja. Kila akija husifu sukuma anayopikiwa, nyembamba kama uzi. "Na ni mama mboga hunikatia."

Mzee alifikiri kidogo, kisha akarudi kwa mpini. Kisu kizuri hufundisha mkono, alisema. Msichana akamwambia mkono wake hauwezi kufundishika kabla ya lunch. Walibishana hivyo njia nzima, na mimi nikasahau kusoma gazeti langu.

Tuktuk iliposimama, mama mboga alitupungia mkono kutoka kibandani. "Jelagat! Ya leo nimekukatia mapema, nyembamba kama kawaida!"

Kando yake, kwenye kiti cha plastiki, mama mmoja mwenye kiondo aligeuka polepole.

"Ndiye huyo," Jelagat alinong'ona. Halafu kwa sauti: "Dere, mimi sishuki hapa."

Dereva alikuwa ameshazima injini.