Zeddy Ogola, Aliyezifikisha Hadithi za Mama Mkwe Nairobi

Kitabu cha hadithi kilichotoka Nairobi mwaka wa 1957 kina jina la Zeddy Ogola kwenye jalada. Hadithi si zake. Ni zangu mimi, Eucabeth Aoko, mama mkwe wake. Hili linasemwa mwanzo, mbele ya jeneza, kwa sababu marehemu mwenyewe aliomba liwe la kwanza. Mimi sikusoma. Nimesema, binti yangu Rispa ameandika, na mwanangu Kasbon ndiye anayewasomea.

Zedekia Ogola, tuliyemwita Zeddy, alizaliwa Gem tarehe 4 Machi 1920, mtoto wa tatu wa Mzee Nyangweso na Mama Turfosa. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la sita, karo ilipokwisha.

Januari 1941 alikuja Nakuru, akawa karani katika bohari ya mizigo ya reli. Miaka kumi baadaye alinunua mashine ya kupiga chapa kwa mzungu aliyekuwa akihama Subukia. Kila Jumamosi aliketi karibu na soko akiwapigia watu barua. Wengine wakamletea mashairi na hadithi, naye akaanza kuwatafutia wachapishaji. Hivyo ndivyo alivyokuwa wakala wa vitabu. Kitabu cha kwanza alichofanikiwa kukitoa ni changu.

Alimwoa Rispa kanisani hapa Nakuru tarehe 14 Desemba 1946. Alikuwa mkwe mwenye adabu. Kwetu Wajaluo, mkwe haketi na mama mkwe wake, wala halitaji jina lake. Kwa hiyo tulifanya kazi namna yetu: blanketi lilitundikwa mlangoni, mimi jikoni na Rispa na wajukuu, yeye nje barazani na mashine yake. Mimi niliwasimulia watoto, yeye akapiga chapa.

Siku moja nilisema, "Rispa, mwambie mwenye mashine aongeze mwendo. Fisi amefika mtoni zamani."

Sauti ikatoka barazani: "Rispa, mwambie Mama fisi ana miguu minne. Mimi natumia vidole viwili."

Rispa aliendelea kuchambua mboga. Hakuwa na la kupeleka.

Mchapishaji wa kwanza alizirudisha hadithi. Wa pili alizitaka, lakini mhariri wake akasema nyimbo zilizo ndani ya hadithi ziondolewe. Zeddy alipanda treni hadi Nairobi akamwambia, "Nyimbo zikitoka, hadithi zote zinarudi Nakuru." Nyimbo zilibaki. Kwa hilo namshukuru kila ninapowasikia wajukuu wakiziimba.

Kosa lilikuja kwenye jina. Zeddy alishindwa kuandika jina la mama mkwe wake, akaweka "Mama Rispa". Mhariri aliona hilo si jina la mwandishi. Hakuuliza mtu. Alichukua jina la wakala akalichapa.

Vitabu vilipofika Agosti, Zeddy aliuleta mzigo akicheka. Rispa alifungua, akasema, "Mama, wameweka baba watoto." Sikumtumia Zeddy salamu mpaka Krismasi.

Yeye hakujificha. Alisimama kanisani Jumapili akakikataa kitabu mbele ya waliokuwa wakimpongeza. Kisha akamtuma Rispa aniombe ruhusa ya kulitaja jina langu.

"Mwambie alitaje," nilisema. "Heshima yake imenifuta."

Alikwenda Nairobi na Kasbon. Kasbon anasema shemeji yake alitoa kofia, akatazama sakafu, akasema kwa sauti, "Mwenye hadithi ni Eucabeth Aoko." Mhariri aliahidi kurekebisha kitabu kikichapishwa tena. Niliposikia, nilimpelekea Zeddy kuku. Najua ilimgharimu nini mwanamume wa kwetu kusema vile mbele ya watu.

Februari mwaka huu wa 1959 figo zilimlaza hospitalini hapa Nakuru. Mwezi wa Aprili kitabu kilichapishwa tena. Kasbon alimpelekea nakala kitandani. Zeddy alilitazama jalada, akaona jina ni lake bado, akageukia ukuta.

"Mwambie Mama nililitaja," alisema.

Niliambiwa, nami nikamrudishia jibu kwamba najua. Alifariki Jumatano, tarehe 17 Juni, alfajiri, Rispa akiwa kando yake.

Ameacha mama yake Turfosa, mkewe Rispa, watoto wao Dorka, Elijah na mdogo wao Aoko, aliyepewa jina langu, ambaye baba yake alimwita "Nyanya" ili asilitaje. Ameacha pia shemeji yake Kasbon, na mimi.

Mwenyezi Mungu ampokee na kumpumzisha, mkwe aliyenitafutia mlango nisioujua. Mimi simdai Zeddy kitu. Ninayemdai yuko Nairobi, ofisini kwake: ni mhariri aliyelisikia jina langu kwa masikio yake, na bado hajaliandika.