Zamu ya Malishoni

Ndugu waombolezaji, wachungaji wetu, majirani wa Nyasubi, na ninyi askari wa zimamoto mliobeba jeneza, mimi ni Donatus, kaka wa marehemu, familia imenituma niwasomee maisha ya mdogo wangu, nami nitayasoma yote, pamoja na yale ambayo baadhi yenu mngependa niyaruke.

Boaz Mwigulu Lushinge alizaliwa tarehe 14 Machi 1986, katika kijiji cha Mwakilunga, Shinyanga, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Mwigulu Lushinge na Mama Generosa, akakulia nyuma ya plau, kwa kuwa baba alikuwa na jozi mbili za maksai, na sheria yake haikuvunjwa hata mvua zikichelewa, kwamba maksai waliolima leo kesho wanakwenda malishoni, na nira wanafungwa wenzao. Alisoma shule ya msingi pale kijijini kuanzia mwaka 1994 hadi 2000, kisha sekondari mjini Kahama hadi 2004, ambako hesabu ilimpiga chenga mpaka siku ya mwisho.

Mwaka 2008 aliajiriwa zimamoto, na baada ya mafunzo akapangiwa kituo cha mjini huku kwenye ukanda wa dhahabu, ambacho askari wake walitoka kwenye nyumba inayoungua wakaenda kwenye duara, shimo la dhahabu, lililofukia wachimbaji, wakirudi wanakuta soko linawaka, ilhali wenzao wa kituo kidogo cha barabara ya Biharamulo walimaliza wiki wakipangusa gari ambalo halijatoka. Tarehe 8 Desemba 2012 alifunga ndoa na Zipora, kanisani hapa Nyasubi, wakajaliwa mabinti wawili, Loveness mwaka 2014 na Nelly mwaka 2018, ambao mnawaona hapa mbele.

Mwaka 2019 mwenzake mmoja alisinzia juu ya ngazi, akaanguka na kuvunjika nyonga, ndipo Boaz akawaeleza wakubwa wake habari za maksai wa baba, nao wakakubali kujaribu, kwamba kila mwezi askari kadhaa wa mjini waende kituo kile kidogo, wa kule waje mjini, na ukitokea moto wa pili siku hiyohiyo, waitwe waliopumzika. Mpango ulifaa, watu wakapata usingizi, na kituo kile askari wakakiita Malishoni.

Jina hilo ndilo lililotuulia mtu. Lilianza kama utani, sisi Wasukuma kwa utani hatujambo, anayekwenda Malishoni akaulizwa kama anakwenda kunenepa, akirudi akaminywa mbavu kama ng'ombe mnadani, na Boaz, mwenye mpango, akaambiwa aliutunga ili apate pa kulala. Alicheka nao, lakini neno lilimwingia, na tangu hapo kila zamu yake ilipofika aliiacha kwa mwingine, mara kwa Zuhura aliyekuwa na mtoto mchanga, mara kwa Akida aliyefiwa na mama yake, kila mara akiwa na sababu nzuri. Zipora alimwambia mbele yangu kwamba maksai wa baba hawakuona haya kula nyasi, akajibu kwamba maksai hawana wa kuwasema.

Kifua kilianza kumsumbua mwezi Aprili 2024, akakohoa mpaka anashika ukuta, daktari akamkataza moshi, na Agosti 2025 zamu ya Malishoni ikawa yake tena, akamwachia Akida. Tarehe 19 Agosti, asubuhi, alizima moto wa nyumba ya kulala wageni, na mchana ikawaka karakana ya mbao, waliopumzika wakaitwa, wakawa njiani, lakini watu wakapiga kelele kwamba mlinzi yumo ndani, na Boaz, aliyekwisha kufika na gari la mjini, akaingia. Mlinzi alikuwa amekwenda kula. Akida alifika na gari la Malishoni akamkuta mwenzake amelazwa chini, hana sauti, na tarehe 23 Agosti Boaz alifariki dunia hospitalini, akiwa na umri wa miaka thelathini na tisa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani mliopika na kulala nasi msibani, na wafanyakazi wenzake, mliomlilia kweli, hilo nimeliona. Akida, usijilaumu, ulichopewa hukukiiba. Ila ninyi wengine nina uchungu nanyi, na sitauficha mbele ya jeneza, ninawaomba jambo moja tu, mtu akipangiwa kupumzika aende, na akirudi asiminywe mbavu.

Boaz, mdogo wangu, zamu hii imeandikwa jina lako, na safari hii huna wa kumwachia. Nenda malishoni, pumzika kwa amani.