Vidole Vinne Chini ya Kiti cha Pikapu

Baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minne ya kuendesha magari ya Idara ya Maji, dereva wetu mkongwe, anayejulikana kwa wote kama Vidole Vinne, atakabidhi funguo tarehe 30 Juni. Jarida limemwomba mwandishi wa wasifu huu, fundi mita aliyeketi pembeni mwake kwa miaka kumi na tisa, na ambaye kimo chake hakina haja ya kutajwa hapa, aeleze sifa zake kwa ukurasa mmoja. Sifa anazo. Tuanze na vituko, maana hivyo ndivyo tutakavyovikumbuka.

Aliajiriwa akiwa mwembamba, kwa mujibu wa picha iliyomo kwenye faili lake, ingawa wengi tumeikagua picha hiyo na bado tuna mashaka. Alianza na lori la mabomba, akaja kwenye boza la maji, kisha akapewa pikapu nyeupe ya matengenezo, na hapo akaota mizizi. Katika miaka yote hiyo hajagonga kitu isipokuwa geti la ofisi, na mpaka leo anashikilia kwamba geti ndilo lililomfuata. Redio ya pikapu hairuhusiwi kuguswa na mtu mwingine. Haijawahi kufanya kazi, lakini hairuhusiwi.

Mwaka wa kwanza tulipopangwa pamoja, Mzee alikuwa na ugonjwa wa matairi. Katikati ya safari, bila sababu yoyote, alisimamisha gari, akashuka, akayapiga teke moja baada ya jingine huku akinung'unika kwamba la nyuma halimpi imani. Mafundi bomba wawili waliokaa nyuma na vifaa walimcheka mpaka mbavu zikawauma. Mimi sikucheka. Nilikuwa upande wa pili wa gari, nimeinama kwenye majani, natapika.

Hilo sijawahi kulisema kazini, basi leo nalisema. Nilikuwa mwanamke wa kwanza katika idara hii kupewa kazi ya nje, kazi niliyoipenda sana, na gari lilikuwa linanishinda tumbo. Kila kona ilikuwa adhabu. Mkobani nilikuwa na barua ya kuomba nihamishiwe masijala, imeshasainiwa, imebaki kutiwa tarehe tu. Nilidhani ni bahati yangu njema kumpata dereva mwenye wasiwasi na matairi kila tumbo linapochafuka.

Wakati huohuo Mzee akaamua kutengeneza sanduku la chini ya kiti cha abiria. Sababu aliyoitoa ilikuwa ya kweli: washa za kuzibia mabomba, valvu na spana ndogo zilizagaa sakafuni, na kila akikanyaga breki zilikuja kukusanyika miguuni kwangu. Ijumaa mchana alifungua nati za kiti, akakitoa. Mbao alizipata kwenye ubao wa zamani wa ofisi, ndiyo maana mpaka leo ukifunua kifuniko unasoma MATANGAZO kabla ya kuona spana. Bawaba alizing'oa kwenye kabati la jikoni kwake, na shemeji yetu bado anazidai. Ndani alitandika mpira wa tyubu ili vyuma visipige kelele. Droo zilikuwa tatu, na kila moja ilitoka na kurudi bila kukwama.

Jumatatu kiti kikafungwa juu ya sanduku, na ofisi nzima ikatoka kutazama. Kilikuwa kimepanda vidole vinne juu ya kiti cha dereva. Tulipima wenyewe.

Basi kazi ikawa hiyo. Mkuu wa idara wa wakati huo, mtu mrefu, alikikalia siku moja kwenda kukagua tangi, akarudi na nundu ya utosini. Karani wa stoo alimzawadia Mzee futi mpya kwenye sherehe ya mwisho wa mwaka, imefungwa utepe mwekundu. Mimi, nakiri, ndiye niliyeongoza mzaha, na jina la Vidole Vinne lilitoka kinywani mwangu. Hakununa. Akiulizwa kwa nini asilirekebishe sanduku, alisema mbao zimekwisha.

Sanduku lenyewe lilituheshimisha. Siku bomba lilipopasuka kwenye ua wa zahanati, mpira wa kuzibia ulitoka droo ya pili papo hapo, na maji yakarudi kabla kina mama kwenye foleni hawajaanza kulalamika. Tumbo langu nalo likatulia. Nilijiambia ni malimau niliyokuwa nikinyonya njiani, nikaichana barua. Mzee naye akapona ugonjwa wa matairi, na sikujiuliza kwa nini.

Mwezi wa nne mwaka huu ilikuja pikapu mpya, akaombwa atengeneze sanduku jingine kabla ya kuondoka. Tulijiandaa kucheka. Karani wa stoo alikuja na pimamaji makusudi. Aliiweka kati ya viti viwili, na kiputo kikatulia katikati, hakikusogea hata unywele. Hakuna aliyecheka. Nikalikumbuka kabati la nguo nyumbani kwake, lenye milango inayofungwa kwa kidole kimoja, ambalo tulimsifia fundi mwingine, kumbe mikono ni yake.

Kiti hicho kipya atakikalia fundi mita mwenzangu aliyehamishiwa kwetu, mrefu mpaka anainama mlangoni. Mimi kuanzia Julai nitakuwa ofisini, nimepewa kitengo nikiongoze. Nilimsubiri Mzee abaki peke yake, nikamuuliza kwa nini safari hii amepatia. Alikuwa anakunja futi ileile ya karani.

"Huyu barabara anaiona," alisema. "Wewe ulikuwa huioni, mwanangu." Kisha akaenda kupiga matairi teke.

Kumbe si malimau: ufupi ulinizuia kuiona barabara, na kutoiona ndiko kulikonichafua tumbo. Miaka kumi na tisa alikubali kuitwa fundi asiyejua kupima, ili mimi nisiitwe fundi asiyeweza kupanda gari. Nimelia nikiandika haya masijala, na wote wameniona.

Mzee wetu, idara inakushukuru kwa kila kilomita. Nenda ukapumzike na shemeji mpaka mchoke kupumzika. Afya iwe njema, wajukuu wakusumbue kiasi, na bawaba tumeshanunua mpya, utampelekea. Mimi nakushukuru kwa yale uliyoyanyamazia.

Nimeshakwenda kuiangalia ofisi yangu ya Julai, nikakuta kiti cha kuzungusha, kinachopanda na kushuka. Nimekipandisha vidole vinne.