Gari Lisisimame

WANJALA: Haloo? Gereji ya shamba la mkonge hapa. Nani mwenzangu?

THADEUS: Fundi! Ni mimi Thadeus, dereva wa Bwana. Wanisikia?

WANJALA: Kwa mbali. Habari za—

THADEUS: Mbaya! Binti yangu Wakesho ameumwa na nyoka huku Mbololo. Nimembeba na mamake, Dinah, kwa lile gari dogo la Bwana—

WANJALA: Lile la mbio? Amekupa ruhusa?

THADEUS: Nilimwambia nalipeleka kuosha.

WANJALA: Mungu wangu!

THADEUS: Ningefanyaje? Mguu umevimba mpaka gotini! Sasa niko kwa karani wa reli, nimeomba simu. Mbele kuna kizuizi cha polisi, malori foleni ndefu. Gari likienda, halina neno. Likisimama tu, linachemka!

WANJALA: Waombe askari wakupitishe—

THADEUS: Wataitaka barua ya ruhusa ya Bwana! Watanitia ndani, mtoto abaki barabarani.

WANJALA: Haya, tulia. Usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa cha mot—

THADEUS: Nilishafungua, mkono umebabuka. Achana na mkono! Niliinua boneti nikasimama mbele, upepo wa moto ukanipiga magotini—

WANJALA: [laini inakwaruza] Ati mbele? Upepo unatokea mbele?

THADEUS: Ndiyo. Kwani?

WANJALA: Feni imefungwa kinyume. Badala ya kuvuta upepo, inaufukuza. Ukikimbia, upepo wa barabarani unaishinda nguvu. Ukisimama, basi.

THADEUS: Nani aliifunga?

WANJALA: Usiniulize sasa.

THADEUS: Niigeuze?

WANJALA: Kwa spana gani? Sikiza. Ongeza maji pole pole, injini ikizunguka. Foleni achana nayo. Kata njia ya ndani ya shamba la mkonge, utatokea nyuma ya hospitali. Huko hakuna kusimama.

THADEUS: Si inapita mbele ya baraza ya Bwana!

WANJALA: Inapita.

THADEUS: Yupo?

WANJALA: Namwona kutoka dirishani hapa, amekaa barazani. Anakunywa chai.

THADEUS: Ataniona, Wanjala. Naogopa, wallahi naogopa. Nzioka alifungwa kwa kuchukua baiskeli yake tu!

WANJALA: Mtoto anasemaje?

THADEUS: Alikuwa analia. Sasa... Dinah anamwita, haitiki.

WANJALA: Basi njoo!

THADEUS: Na geti la shamba? Nikingoja kufunguliwa litachemka papo hapo, mbele ya macho yake—

WANJALA: Geti nitalishika mimi, wazi.

THADEUS: Atakufukuza na wewe! Una watoto, bwana—

WANJALA: Usinipungie mkono. Usiangalie barazani. Wewe kanyaga mafuta.

THADEUS: Karani anataka simu yake, treni inaingia. Fundi, kama—

WANJALA: Bwana ameinuka! Anatafuta kofia. Nakimbilia getini, Thadeus, njoo!

THADEUS: Wanjala? Haloo? [mkwaruzo tu] Dinah! Mshike vizuri mtoto. Hatusimami tena.